Vyungu Ambavyo Havikuchomwa

Wiki iliyopita waliniletea kazini mfuko wa udongo kutoka Pugu. Mimi ni fundi sanifu kwenye maabara ya udongo. Watu wanaotaka kujenga Mbweni na kwingineko hutuletea udongo wa viwanja vyao, sisi tunawaambia utabeba au hautabeba, na wao mara nyingi hawatusikilizi. Kazi yenyewe haina maajabu. Unachukua ule udongo mlaini uliochekechwa, unautia maji kidogo kidogo, unakanda, kisha unauvingirisha kwa kiganja juu ya kioo mpaka uwe uzi mwembamba. Uzi ukikatikakatika, ujue maji yamepungua. Ukiendelea kunyooka, bado una maji ya kutosha kukutii. Ukizidisha maji, haushikiki tena, umekuwa uji. Kati ya udongo unaokatika na udongo unaomiminika pana tofauti ya vijiko vichache tu vya maji, na kwa vijiko hivyo nyumba ya mtu husimama au hupasuka.

Nilipoutia ule wa Pugu maji ya kwanza, harufu yake ikapanda. Ninyi wa rika langu mliokulia pembeni mwa mji, kabla viwanja havijamwagwa zege, mnaijua. Ni harufu ya ardhi kavu inayokunywa. Mikono yangu ikagoma. Nikaacha kisu ndani ya bakuli, nikatoka nje nikasimama ukutani.

"Sista, swaumu imekukamata?" mwenzangu akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo, imenikamata. Haikuwa swaumu. Tulikuwa tumemzika mama mdogo Somoe siku sita tu nyuma, na ule udongo ulikuwa wa bondeni kwetu.

Mama yangu, Mwanahawa, alikuwa mfinyanzi. Ufundi alitoka nao Newala, akafika Pugu akaukuta udongo unaomfaa nyuma ya nyumba aliyopanga baba, akasema basi, hapa ndipo kwetu. Baba alikuwa kibarua kwenye saruji huko Wazo, upande wa pili kabisa wa mji, kwa hiyo alilala hukohuko akawa anarudi Jumamosi, nywele na kope zote nyeupe. Mama hakuchoka kumtania. "Wenzio tunashika udongo unatutii," anamwambia, "wewe unashika udongo unakuzeesha." Baba akicheka, vumbi linamdondoka.

Mama mdogo Somoe, ndugu yake mama wa tumbo moja, aliishi nasi. Alikuwa msichana bado, mwepesi wa mikono, mwepesi wa kucheka, na mwepesi zaidi wa kusahau. Akitumwa chumvi anarudi na kiberiti. Mama alikuwa akimfundisha kufinyanga na kumfokea kwa wakati mmoja, na yeye Somoe akifokewa anaimba. Nilimpenda kupita kiasi, kwa sababu nyumba nzima yeye peke yake ndiye aliyekuwa akikosea kuliko mimi.

Mama hakuwa na mizani wala tanuri wala kioo cha kuvingirishia. Alikuwa na chakula cha kwao kusini, na kwa chakula hicho alipima kila kitu. Udongo uliotoka kulowekwa kwenye pipa ulikuwa uji. Ukichujwa, ukatiwa vigae vilivyotwangwa, ukakandwa kwa miguu mpaka ukaacha kunata, ulikuwa ugali, na huo ndio unaofinyangwa. Chungu kikikaa kivulini siku mbili tatu kinakuwa mhogo mbichi: kwa kisu kinakwanguka, lakini hakikunjiki tena. Hapo ndipo alipokisugua kwa kijiwe laini na kukichora shingoni kwa gunzi la hindi. Mwisho kinapauka, kinakuwa chepesi, kinatoa mlio mkavu ukikigonga kwa kidole. Hicho ni kopa. Waliokulia kwenye nyumba za watu wa kusini wanayajua makopa, mihogo iliyoanikwa juani mpaka ikawa migumu kama kuni.

"Kikishakuwa kopa hakina tena la kufanya ila kwenda motoni," alikuwa akisema.

Kutoka ugali kwenda kopa hakutaki haraka, na kwa mama hilo lilikuwa kama sharti la dini. Jua likikipiga chungu kibichi, upande mmoja unakauka na kusinyaa kabla ya mwenzake, kinapasuka. Kwa hiyo alivifunika kwa magunia ya katani, akayanyunyizia maji kwa vidole, kidogo tu, ili vikauke polepole vyote kwa pamoja. Banda lake lilikuwa la nguzo nne na bati chakavu juu, na pembeni turubai la kushusha mvua ikija. Nilikuwa mdogo, sijamaliza kung'oa meno ya utoto, na kazi yangu pale bandani ilikuwa kuchafuka. Lakini nilisikia kila kitu. Nikajenga akilini mwangu elimu nzima ya udongo, na elimu hiyo ilikuwa na sheria moja: kilicho laini kiko hai, kilichokauka kinangoja moto. Nilikuwa nimepita madrasa siku chache tu, lakini habari za moto nilikuwa nimeshazisikia.

Kisha miguu ya mama ikaanza kuvimba.

Ilianza kwenye vifundo, ikapanda. Asubuhi uso wake ulikuwa umejaa mpaka macho yanakuwa madogo. Aliendelea kufinyanga akiwa amekaa, miguu ameinyoosha mbele juu ya kipande cha jamvi, na siku moja akaniita nikaone jambo. Alibonyeza kidole gumba juu ya muundi wake, akakitoa. Shimo likabaki. Halikurudi. Lilibaki pale kwenye mguu, limechimbika, kama anavyobonyeza udongo kujua umefikia wapi.

"Umeona, Zuhura?" akasema. "Mama yako kawa udongo."

Alicheka. Somoe hakucheka, na hilo ningepaswa kuliona. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikabonyeza mguu wangu mwenyewe, ngozi ikaruka ikarudi kama si kitu, nikasikitika. Nikaona bado sijafika. Mama alikuwa amefika kwenye ugali, kwenye hali ile ile anayoipenda, na sikuona kwa nini Mama Chausiku, jirani yetu wa kukaanga mihogo, akija kumtazama anaondoka akijifuta macho kwa kanga.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa vyungu vinne, majiko matano na mtungi mmoja mkubwa. Mtungi ule aliufinyanga kwa siku mbili, akipumzika kila baada ya duara moja, na haukuwa wa kuuza. Alishatuma salamu Newala kwa mama yake kwamba anamfinyangia mtungi wa kunywea maji, kwa kuwa wa zamani ulipasuka. Alipomaliza kuuchora shingo aliuegemezea mkono, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Nilidhani anausikiliza. Sasa nadhani alikuwa amechoka tu.

Siku aliyopelekwa hospitali mjini, gari la kuazima likiwa limesimama barabarani, hakuzungumzia nyumba wala nguo zangu wala chakula. Alizungumzia banda.

"Somoe, visikauke kabla sijarudi," akasema. "Nitakuja kuvichoma mwenyewe."

"Sawa, dada. Kila asubuhi nitanyunyiza."

"Magunia, Somoe. Magunia tu. Na ukiona wingu, shusha turubai. Nakujua weye."

"Dada jamani, kwani mie mtoto?"

Mie mtoto nilikuwa nimeng'ang'ania kanga ya mama na Mama Chausiku ananibandua vidole kimoja kimoja. Katika maneno yale yote niliondoka na sentensi moja tu. Visikauke kabla sijarudi. Niliichukua ilivyo, kama mtoto anavyochukua ahadi. Maana yake kwangu ilikuwa wazi kuliko jua: vikiwa vibichi, mama atarudi. Vikikauka kabla, harudi.

Siku zikaenda. Somoe alikuwa anakwenda hospitali asubuhi na kurudi jioni, na lazima niseme ukweli wake: hakusahau. Kila alfajiri kabla ya kuondoka nilimwona bandani na bakuli, ananyunyiza magunia kwa vidole vitano, kwa adabu, kama mtu anayenyunyizia marashi wageni. Sikuwahi kumwona akifanya jambo kwa uangalifu namna ile. Wingu likipita, hata la kupita njia, anashusha turubai. Jirani zetu wakaanza kumtania kwamba ugonjwa wa dada yake umemkuza.

Jioni moja alirudi, akakaa na Mama Chausiku kwenye kizingiti. Mimi nilikuwa chini, nawapikia watoto wangu wa magunzi.

"Anaendeleaje?"

"Madaktari wanasema maji yamemjaa mwilini. Ndo ugonjwa wenyewe. Wanampa dawa ya kumkausha."

"Ya kumkausha?"

"Eeh. Wakishamkausha ndo atapata nafuu. Leo miguu imeanza kunywea, kidogo."

"Alhamdulillah."

Walishukuru Mungu. Mimi nilitaka kupiga ukelele. Huko mjini, watu wasiojua lolote kuhusu udongo walikuwa wanamkausha mama yangu, tena kwa haraka, na Somoe anafurahi! Sikumwambia mtu. Nani angenielewa? Kesho yake, Somoe alipoondoka, niliingia bandani na kopo la maziwa ya unga, nikachota kwenye pipa, nikamwagia magunia. Kopo moja. Siku iliyofuata, mawili. Nilikuwa nakimbizana na madaktari.

Asubuhi moja mtu alikuja kumwita Somoe kabla hajanyunyiza. Sikusikia walichosema. Nilimwona akivaa kandambili za mguu mmoja mmoja, moja yake moja ya baba, akanisukuma kwa Mama Chausiku na kukimbilia barabarani bila kufunga mlango. Mbingu ilikuwa nzito. Turubai lilikuwa juu, limekunjwa. Mama Chausiku alikuwa na karai lake na wateja wake, na ilipokaribia adhuhuri nikamtoroka.

Siku zote hizo nilikuwa sijafunua magunia. Siku ile nilifunua. Mtungi wa bibi ulikuwa umepauka. Vyungu vyote vilikuwa vimepauka, vina rangi ya majivu, na nilipougonga mtungi kwa kidole ukanijibu kwa ule mlio mkavu. Maji yangu yote ya siku zile yalikuwa yameishia kwenye katani na ardhini. Kopa. Vyote vilikuwa kopa.

Sijui nilikwenda kwenye pipa mara ngapi. Nilikuwa nakimbia na kopo, maji yananimwagikia kifuani, nalia kwa sauti na kumwambia mama asubiri. Nilimwagia majiko, nikamwagia vyungu ndani na nje. Mtungi niliujaza mpaka shingoni. Harufu ile ikapanda, ile ile iliyonitoa maabara, ikajaa banda zima. Nikaingiza mkono ndani ya mtungi nikapapasa ukuta wake na ukuta ulikuwa laini, unateleza, umekuwa ugali tena. Nikabonyeza kidole gumba kwa nje. Shimo likabaki.

Nilifurahi. Watu wanaposimulia makosa yao ya utotoni husema walihisi vibaya palepale. Mimi nilifurahi kuliko siku yoyote niliyowahi kuishi. Nikavifunika vizuri na magunia yake, nikarudi kwa Mama Chausiku, nikala mihogo miwili na pilipili. Alasiri ikanyesha mvua, ya muda mfupi, ya kupiga bati na kuondoka.

Mama alikufa adhuhuri ile. Baba na Somoe walirudi naye jioni, akazikwa kesho yake asubuhi, na kwa muda mrefu nilikuwa napiga hesabu ya mtoto kuhusu saa hizo mbili, yake na yangu. Siku nyingine nilijiona nimechelewa. Siku nyingine nilijiona nimemwua kwa kumzidishia maji. Sikuwahi hata mara moja kujiona sihusiki.

Bibi alifika kutoka Newala siku ya pili ya msiba, amekaa kwenye basi mpaka miguu imekufa ganzi, na mwanawe keshazikwa. Walimpokea kwa kilio. Alilia, akanyamaza, akanipakata. Halafu akauliza jambo moja.

"Mtungi wangu uko wapi?"

Wakatazamana.

"Mwanangu alinitumia salamu kwamba ananifinyangia mtungi. Nipeni niushike."

Katika msiba hakuna aliyekuwa amekumbuka banda. Somoe alinyanyuka, akamshika bibi mkono, na wanawake wengine wanne watano wakawafuata. Nami nikafuata. Kwa nje tu ulikuwa unaona kwamba magunia yamelala chini mno. Somoe alivuta la kwanza, likatoka na tope. Akavuta la pili kwa nguvu. Chini hapakuwa na chungu wala jiko. Palikuwa na tope lililoshikana, limejilaza, na pembeni kipande kimoja cha shingo ya mtungi chenye alama za gunzi, nacho kilipoguswa na gunia kikalala na wenzake.

Bibi aliliangalia lile tope, akaliangalia turubai lililokunjwa juu, akamgeukia binti yake aliyebaki.

"Somoe," akasema taratibu. "Hata hili limekushinda?"

Mama mdogo alilitazama turubai. Nilimwona anakumbuka. Nilimwona anaiona asubuhi ile, kandambili, mlango, mbio, wingu. Uso wake ulibadilika hapo hapo, na kwa miaka mingi haukurudi ulivyokuwa.

"Nilisahau turubai, mama," akasema.

Mimi nilikuwa nimesimama mkono mmoja kutoka kwake. Kopo lilikuwa pale kwenye pipa, linaning'inia kwenye msumari. Hakuna aliyeniuliza. Ningesema neno moja. Msidhani niliogopa kupigwa. Kwa bibi yangu yule nisingepigwa. Niliogopa kwamba nikisema nimemwaga maji, watu wote wale watajua kwamba mimi ndiye niliyesababisha mama asirudi. Basi nikanyamaza, na mama mdogo akapiga magoti kwenye tope mbele ya wanawake wa msibani, akawa anatafuta kwa mikono, labda kuna kilichobaki. Bibi alichota konzi moja, akaifunga kwenye pembe ya kanga, na ndicho alichorudi nacho Newala.

Somoe hakufinyanga tena. Banda lilianguka lenyewe, mwaka mmoja au miwili baadaye. Baba alioa huko Wazo akawa anatujia sikukuu kwa sikukuu, na mama mdogo akajifunza mihogo kwa Mama Chausiku, akanisomesha kwa karai. Ilikuja posa ya kwanza, mwanaume mzuri tu, fundi seremala, ila akataka Somoe aende peke yake, mtoto arudishwe kwa baba yake. Akaikataa. Ya pili haikuja.

Yule msichana wa kurudi na kiberiti badala ya chumvi alipotea. Aliyenilea alikuwa mwanamke asiyesahau kitu. Alikuwa anahesabu ndoo, anakagua komeo mara tatu. Wingu likitanda tu anaanua: nguo, makopa, ungo, hata matofali ya watu aliwahi kuyafunika, mwenyewe akaja akamcheka. "Matofali ya kuchoma hayo, mama, hayadhuriki na mvua." Akajibu, "Sie wengine hatuna uhakika." Nilikuwa namtazama akikimbia na ndoo kichwani, umri unakwenda, magoti yanamuuma, matone yenyewe hayafiki kumi, na kila mara nilijiambia leo nitamwambia. Kisha mvua inaacha, tunapika.

Ukweli kamili niliukuta chuoni. Mwalimu alituletea donge la udongo mbichi na donge la udongo uliokauka kabisa, akayatia yote majini. Lile bichi lilikaa. Lile kavu likaanza kutoa mapovu, likanywa maji kwa pupa, likaporomoka mbele ya macho yetu. Akatueleza kwamba udongo uliopoteza unyevu wake wote hurudi kuwa tope upesi kuliko ule uliobaki nao kidogo, na kwamba ni moto tu unaoufanya usirudi nyuma. Nikaelewa kwamba mvua ile ya kupita, juu yake bati na chini yake magunia, isingeweza hata kuharibu jiko moja. Kama si kopo langu, hata turubai likiwa juu, mtungi wa bibi ungekuwapo. Kwenye mtihani swali hilo lilikuja na nikalipata lote. Nilikwenda chooni nikalia mpaka wenzangu wakadhani nimefeli.

Huo ulikuwa muda wa kusema. Sikusema. Mtoto alikuwa na sababu yake. Mimi mtu mzima sikuwa nayo, nilikuwa na mazoea tu. Nilimjengea mama mdogo nyumba Chanika, msingi nikaupima mwenyewe, bati jipya, mifereji pande zote. Watu wakanisifu. "Umemlipa mlezi wako," wakasema, na mimi nikawa naitikia amin.

Mwaka huu moyo wake ulichoka. Wiki ya mwisho ya Shaabani, ile ambayo kila mtu anamtafuta mwenzake waombane radhi kabla ya kufunga, na simu zinajaa ujumbe wa "nisamehe nilipokukosea," nilikwenda kumwona. Alikuwa kitandani, amesafishwa, kanga mpya. Niliamkia shikamoo, akaitikia, akapapasa godoro.

"Kaa hapa, Zuhura. Wenzio wanatumiana kwa simu. Mie langu la mdomo."

"Mama, pumzika kwanza."

"Nitapumzika sana, usijali." Alivuta pumzi mara mbili. "Vile vyungu vya dada. Mie ndiye niliyeviua. Aliniagiza kitu kimoja, na mie nikaondoka mbio, turubai nikaliacha juu. Dada hakukuachia kitu kingine cha mkono wake, hata kimoja. Ulichokuwa uwe nacho nimekuharibia mie. Nimekulea hivi nikiona haya kukutazama, mwanangu. Ukinikumbatia naona haya."

Nilifungua mdomo. Sentensi nilikuwa nayo tayari, fupi, nimeitunga tangu sijajua kusoma.

"Mama mdogo, ile siku mie..."

Akainua mkono. "Usinitetee. Nakujua, utasema ulikuwa mdogo, utasema mvua ni ya Mungu. Ukinitetea utakuwa umenihurumia tu. Sitaki huruma. Mie nataka radhi. Niambie umenisamehe, basi."

Nilimtazama. Nilimwona msichana aliyenyunyiza magunia kwa vidole vitano, kila alfajiri, bila kukosa. Nikafikiria nitampa nini nikisema. Nitampa kujua kwamba alipiga magoti kwenye lile tope bure. Kwamba mikono yake iliacha udongo bure. Kwamba mawingu yote yale aliyakimbia bure, na aliyemfanyia hivyo ndiye yule ambaye kwa ajili yake alikataa posa. Nilijiambia ni ukatili kumpa mtu zigo hilo akiwa njiani. Nilijiambia hivyo. Leo sina hakika kama hiyo ilikuwa huruma, au ni kile kitoto cha bandani kimenyamaza tena.

"Nimekusamehe, mama," nikasema.

"Kwa moyo mweupe?"

"Kwa moyo mweupe."

Alianza kulia bila sauti, na uso wake ukalegea, mashavu, paji, kila mahali, nikauona kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya msiba uso wa Somoe wa zamani. Akaivuta mikono yangu yote miwili, yeye mkubwa, mimi mdogo, akaibusu. Kisha akanishukuru.